Mtoto Hasikii

Katika miaka 14 niliyofundisha darasa la awali hapa Moshi, hakuna maneno niliyoyasikia mlangoni mwa darasa mara nyingi kama haya: "Mwalimu, huyu mtoto hasikii." Mzazi huyasema huku amemshika mwanawe mkono, mara nyingi asubuhi, akiwa na haraka ya kuwahi daladala, na huyasema mtoto mwenyewe akiwapo, kana kwamba ni jina lake la pili. Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili: asiyesikia kwa masikio na asiyetii. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba neno hilo limebeba mambo mengi kuliko hayo mawili, kwamba kila umri una namna yake ya kutosikia, na kwamba kutosikia kwa umri mmoja ukikutibu kwa dawa ya umri mwingine unamuumiza mtoto bila kumfundisha kitu.

Nianze na masikio yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo nilipokosea zaidi. Mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa na mvulana wa miaka 5, mrefu kuliko wenzake, ambaye kwa sababu ya urefu huo nilimkalisha nyuma kabisa ya darasa lenye watoto 62 ili asiwazibe wengine. Siku tatu za juma alifuata maelekezo kama wenzake, na siku mbili zilizobaki alikuwa kama mtu aliye ng'ambo ya mto: ukimwita haji, ukimwambia atoe daftari anatoa penseli, ukipandisha sauti anakutazama kwa macho ya mtu aliyeamshwa usingizini. Kwa kuwa jana nilimwona akisikia, niliamua kwamba leo anafanya makusudi, nikawa namsimamisha mbele ya wenzake hadi saa ya uji. Aliyenifumbua macho ni mama aliyekuwa akitupikia huo uji. Aliniambia kwamba mtoto yule akija kuchukua kikombe hugeuza sikio moja tu, la kulia, na kwamba ukiinama karibu naye upande wa pili unapata harufu ya usaha.

Mrija unaounganisha koo na sikio la kati, kwa mtoto mdogo, ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo mafua ya kawaida hupanda kirahisi na kuacha majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio. Majimaji hayo huongezeka na kupungua, na usikivu hupanda na kushuka pamoja nayo, ndiyo maana mtoto anaweza kusikia Jumatatu na asisikie Alhamisi. Mvulana yule alipelekwa hospitali baada ya baridi ile ya Julai ambayo watoto wetu huja nayo shuleni wamevaa sweta mbili na makamasi yakiwatoka, akatibiwa kwa wiki kadhaa. Mvua ya kwanza ya vuli iliponyesha juu ya bati la darasa, aliziba masikio kwa mikono yote miwili akatazama juu, akishangaa kuona wenzake wanaendelea kuimba. Kwetu Uchagani mtu mzima aliyemkosea mwenzake humpelekea sale, lile jani refu la kuombea msamaha. Mtoto wa miaka 5 nilimpelekea andazi, akalila lote kabla sijamaliza maelezo yangu.

Tangu siku ile nimekuwa mwepesi wa kuuliza habari za mwili kabla ya kuuliza habari za adabu. Mtoto mwenye minyoo, mtoto aliyetoka nyumbani bila kunywa chochote, mtoto aliyeamshwa saa 10 na nusu alfajiri kusubiri gari la shule ilhali umri wa miaka 3 hadi 5 unataka usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, wote hao watafanya vituko ambavyo kwa macho vinafanana na ujeuri. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto hadi miaka 8, na ambayo imejengwa juu ya mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Neno ninalolipenda katika jina hilo refu ni "jumuishi". Muuguzi kliniki huziona kilo, mwalimu huziona herufi, mwalimu wa dini huyaona maadili, na kila mmoja humrudisha mtoto nyumbani akiwa ameshughulikiwa kipande. Mtoto mwenyewe hana vipande. Tumbo likiuma, herufi hazikai.

Lakini kusema kwamba mtoto ni mmoja si kusema kwamba ana umri mmoja, na hili ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa. Niliwahi kuwa na binti wa miaka 4 aliyelelewa na bibi yake huko Kibosho. Alizungumza kama mzee wa kikao: alisalimia kila mtu kwa cheo chake, aliuliza habari za nyumbani, alijua kusema "naomba udhuru". Kila mgeni aliyefika darasani alimdhania ana miaka 6. Siku bibi alipomwacha na kuondoka bila kumuaga, binti huyo alilala chini akalia kama mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na walimu wenzangu wakasema anajifanya, kwa sababu mtoto mwenye maneno kama yale hawezi kulia hivyo. Anaweza. Ulimi wake ulikuwa na miaka 6, miguu yake ilikuwa na miaka 4, na moyo wake, mbele ya kuachwa, ulikuwa bado unatambaa. Vivyo hivyo mvulana mwenye mwili mkubwa huadhibiwa kwa umri wa mwili wake, na mtoto mdogo wa umbo husamehewa hadi anafika darasa la pili bila kujua kufunga vifungo vya shati.

Kliniki kila mwezi tulikuwa tukipewa kadi yenye mstari wa uzito, na mstari ukishuka kila mtu alishtuka. Ningependa kila mzazi awe na kadi nyingine kichwani mwake, yenye mistari kadhaa inayopanda kwa mwendo tofauti: mwili, lugha, fikra, hisia, na namna ya kuishi na watu. Mistari hiyo ndiyo nitakayoifuata sasa, ingawa sitaifuata yote kwa usawa.

Mtoto wa miezi 9 au 10 anayedondosha kijiko, akaokotewa, akadondosha tena, huambiwa ameanza ukorofi. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyezaliwa mwaka 1896 na ambaye aliwachunguza watoto wake watatu tangu wakiwa wachanga, alitufundisha kutazama jambo hilo kwa jicho jingine: katika umri huo mtoto ndio anaanza kujua kwamba kitu kilichotoweka machoni bado kipo. Kijiko kimekwenda wapi? Kipo. Na sasa? Bado kipo. Anahakiki ulimwengu, na anahakiki pia kama mama ataendelea kuinama.

Umri huohuo ndio ule ambao mtoto aliyekuwa akipokezanwa na ukoo mzima bila kinyongo huanza ghafla kumlilia shangazi. Shangazi hukasirika, na lawama humwangukia mama kwamba amemdekeza. Maelezo bora ya jambo hili yalitoka jirani kabisa. Mwaka 1954 Mary Ainsworth, mtaalamu wa saikolojia ya watoto, alifika Kampala, akawa anawatembelea akina mama wa vijiji vya karibu na mji huo majumbani mwao, miezi kwa miezi, akitazama watoto wachanga wanavyojifungamanisha nao. Kitabu chake kuhusu watoto hao wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto humtumia mama kama kituo: hutambaa mbali naye, hugeuka kumwangalia, huendelea, hurudi kumgusa, huondoka tena. Aliona pia kwamba watoto ambao mama zao walizisoma vizuri dalili zao na kuwaitikia hawakuwa ndio waliaji wakubwa. Kumlilia shangazi, basi, ni dalili kwamba mtoto amepata mtu wake. Wazee wetu walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, nami siukatai usemi huo, ila naona umeelekezwa kwa mtoto anayeelewa maana ya kukatazwa. Wa miezi 9 haelewi. Kilio chake si hoja unayoweza kumshinda.

Halafu unakuja umri wa ndizi. Nauita hivyo kwa sababu ya mwanangu wa pili, ambaye akiwa na miaka miwili na nusu alilala chini katikati ya soko la Mbuyuni, siku ya gulio, watu wamejaa, kwa sababu nilimmenyea ndizi ikakatika. Nilimpa vipande vyote viwili. Alitaka iungwe. Nikampa nyingine nzima, akaikataa, alitaka ileile iliyokatika iwe haijakatika. Muuza nyanya mmoja alisema kwa sauti ya kunisaidia, "Mama, huyo mchape, utakuja kushindwa naye." Nilimchapa, sitaficha, na nilimchapa zaidi kwa ajili ya macho ya watu kuliko kwa ajili yake.

Leo ningemwelewa hivi. Mtoto wa miaka miwili na nusu ameshajua kuwa ana mapenzi yake, na ameshaweka picha kichwani ya jinsi mambo yanavyopaswa kuwa, lakini sehemu ya mbele ya ubongo inayopunguza ghadhabu na kusubiri ndiyo inayochelewa kukomaa kuliko zote, na kazi hiyo huendelea hadi mtu anapopita miaka 20. Maneno ya kueleza huzuni yake hana. Erik Erikson, mtaalamu wa saikolojia ambaye mwaka 1950 aliyagawa maisha ya binadamu katika hatua nane, aliuelezea umri huu kama mvutano kati ya kujitegemea kwa upande mmoja na aibu na shaka kwa upande mwingine. Mtoto anasema "mwenyewe!" katika kila jambo, kuvaa kiatu, kumimina maji, kufunga mlango, na akishindwa mbele za watu huaibika kweli, hata kama sisi tunaona ni mchezo. Kinachofaa wakati ule ni kidogo sana: kumwondoa kwenye kelele, kukaa naye chini, kusema kile asichoweza kusema ("umekasirika, ulitaka ndizi nzima"), na kungoja. Hakuna somo linaloingia wakati wa kilio. Somo linaingia baada ya nusu saa, na hata hapo liwe fupi. Wala simaanishi kwamba apewe kila anachokitaka. Ndizi haikuweza kuungwa, na hilo lilikuwa jambo jema kwake kulijua.

Namna nyingine ya kutosikia, ninayoiona kuwa inaeleweka vibaya kuliko zote, ni ile ya mtoto wa miaka miwili hadi mitatu ambaye analijua katazo, analisema kwa kinywa chake, na bado analivunja. Utamkuta amesimama mbele ya jiko la mkaa, anajiambia "usiguse, usiguse", na mkono unakwenda. Mzazi anayemtazama ana haki ya kudhani kwamba anadhihakiwa. Alexander Luria, mtaalamu wa Kirusi, aliwapa watoto wadogo mpira laini wa kubonyeza, akawaelekeza lini wabonyeze na lini waache. Kwa wale wadogo zaidi, amri ya kuacha mara nyingi iliwafanya wazidi kubonyeza: neno lilisukuma mkono bila kujali kwamba ndani yake mlikuwa na kukanusha. Uwezo wa kulitumia neno kama breki ya mwili hujengeka polepole, na kwa watoto wengi hushika vizuri karibu na miaka 4 au 5.

Nilipolijua hili nilibadilisha lugha ya darasa langu. Kiswahili kinaficha katazo katika kisilabi kimoja kidogo mwanzoni mwa neno, si- katikati ya u- na kitenzi, na mtoto anayekimbia hulikamata neno kwa mkia: "usikimbie" humfikia kama "kimbie". Nikaanza kusema "tembea" badala ya "usikimbie", "mikono mapajani" badala ya "msishikeshike", "ongea taratibu" badala ya "acheni kelele". Mwenzangu wa darasa la pili alinicheka kwamba nimekuwa kasisi. Kelele hazikuisha, watoto ni watoto, lakini nilipunguza kuzungumza karibu nusu ya siku.

Sasa niseme juu ya kutumwa, kwa sababu vitabu vingi vya makuzi ya mtoto viliandikwa mahali ambapo mtoto hatumwi. Uchagani, na nadhani pwani na Sukumani vilevile, tulikuwa na hatua zetu za ukuaji kabla ya mtaalamu yeyote: mtoto wa kubebwa, mtoto wa kutambaa, mtoto wa kutumwa. Mtoto wa miaka 3 hutumwa ndani ya uwanja mmoja, ampelekee bibi kikombe. Wa miaka 4 hutumwa kwa jirani na ujumbe mmoja mfupi. Wa miaka 5 huenda dukani kwa kitu kimoja na fedha kamili mkononi, na huimba jina la kitu hicho njia nzima ili kisimponyoke. Wa miaka 7 huleta vitu vitatu na chenji. Robert Serpell, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wachewa wa Katete, Zambia, kuanzia miaka ya 1970, aliwauliza watu wazima ni mtoto yupi wa kijiji wangemchagua kwa kazi hii au ile, na kwa nini. Alikuta kwamba akili, ambayo wao huiita nzelu, ilikuwa na pande mbili: uchangamfu wa kufikiri, na kile walichokiita kutumikila, yaani kuwa mtu unayeweza kumtuma ukamwamini. Kichewa ni ndugu wa Kiswahili na neno hilo halihitaji mkalimani. Mtoto mwenye upande wa kwanza bila wa pili hawakumsifu, na hata sisi tunalo jina la mtoto wa namna hiyo: mjanja.

Kutumwa hupima mistari yote ya ile kadi kwa wakati mmoja: miguu, kumbukumbu, hesabu, adabu ya kusalimia mwenye duka, ujasiri wa kupita mbele ya mbwa. Kwa hiyo mtoto akirudi na chumvi badala ya sukari, swali la maana ni mstari upi uliomwangusha. Kumbukumbu yake inabeba vitu vingapi? Alimwogopa mwenye duka? Mpe vitu viwili wiki hii. Ninachokataa ni kumtuma wa miaka 4 kazi ya miaka 8 kisha kumwita mzembe. Na kwa mji wa leo, wenye bodaboda na bajaji zinazotoka kila uchochoro, hata umri wa kuvuka barabara ya lami nimeusogeza mbele kuliko ulivyokuwa wakati wangu. Watoto hukua kwa kile wanachofundishwa na mazingira, na si kwa kalenda pekee. Charles Super na Sara Harkness, watafiti walioishi Kokwet, magharibi mwa Kenya, miaka ya 1970, waliona kwamba watoto wa Kikipsigis walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, kwa kuwa mama zao waliwafundisha makusudi, hata kwa kuwakalisha katika kishimo kidogo kilichotandikwa nguo. Katika yale yasiyofundishwa, kama kutambaa, hawakuwa mbele. Umri wa kwenye kitabu, basi, ni makisio ya mahali fulani.

Dukani ndiko pia uongo wa kwanza unakozaliwa. Chenji imepungua shilingi 200 na mtoto wa miaka 4 na nusu anasema imeanguka mtaroni, huku mdomo umepakaa pipi. Mzazi huona mwizi wa kesho. Mimi siku hizi huona kwanza hatua kubwa ya akili. Mwaka 1983 wanasaikolojia Heinz Wimmer na Josef Perner waliwasimulia watoto kisa cha mvulana aliyeweka chokoleti katika kabati moja na kwenda kucheza. Mama yake akaihamishia kabati jingine. Mvulana akirudi ataitafuta wapi? Watoto wa miaka 3 kwa kawaida husema ataitafuta ilipo sasa, kwa sababu wao wanajua ipo huko na hawawezi kuwazia kichwa kisichojua wanachokijua. Karibu na miaka 4 na 5 wengi hugundua kwamba mtu mwingine anaweza kuamini jambo lisilo kweli. Ugunduzi huo ndio unaouwezesha uongo wenye mpango, na huohuo ndio unaoikuza huruma, na siri, na utani. Uongo wa kwanza usisherehekewe, na fedha irudishwe, lakini mtego wa kumuuliza "nani kala?" ilhali unajua jibu humfanyisha mazoezi ya kudanganya. Sema tu: "Umenunua pipi kwa chenji ya bibi. Kesho utamsaidia kuchambua maharage."

Ugomvi wa soda kwenye sherehe za kipaimara nao una maelezo yake. Mimina soda ileile katika glasi nyembamba ndefu na kikombe kipana, na mtoto wa miaka 5 mwenye kikombe ataapa kwamba ameonewa, hata kama umemiminia mbele yake. Piaget alionyesha kwamba kabla ya miaka 7 hivi mtoto hushika kipimo kimoja tu, urefu, na macho yake humshinda. Wala si uchoyo. Nunua vikombe vinavyofanana.

Nirudi darasani, kwa kosa la pili ninalolikumbuka. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inamwingiza mtoto darasa la kwanza akiwa na miaka 6, na wazazi wa mjini wanataka wa awali awe anaandika sentensi ifikapo Desemba. Nilikuwa na mvulana mmoja aliyeandika herufi nyingi kinyume, b ikawa d, na mstari wake ulipanda kama njia ya Marangu. Nilimwita mvivu. Mkono wa mtu mzima una mifupa 8 midogo kwenye kifundo. Mtoto anapozaliwa yote ni gegedu, na hugeuka mfupa mmoja baada ya mwingine kwa miaka mingi, wa mwisho ukikaribia miaka 10 au zaidi. Kugeuza herufi ni jambo la kawaida hadi karibu miaka 7. Mtoto yule alijua kusuka kamba za migomba, kupanda mti, na kutengeneza gari la maboksi lenye usukani unaofanya kazi. Baada ya mwaka mmoja mkono ulikubali, lakini kwa mwaka mzima alikuwa ameshajua kwamba mwalimu humwona mvivu, na ile aliyoiita Erikson hali ya kujiona duni huingia hasa katika miaka hii ya shule ya msingi, wakati mtoto anaanza kujipima kwa kazi ya mikono yake.

Kuanzia miaka 7 mambo hutulia kidogo, kisha huja kesi. "Mwalimu, huyu kanitangulia foleni." "Mama, dada kala nyama mbili." Tunawaita wachongezi. Piaget, katika kitabu chake cha mwaka 1932, aliwasimulia watoto habari za mtoto aliyefungua mlango akavunja vikombe 15 bila kujua vilikuwa nyuma yake, na wa pili aliyevunja kimoja akiiba jamu. Wadogo walisema wa vikombe 15 ndiye mbaya zaidi. Wakubwa, kadiri walivyokaribia miaka 9 na 10, walianza kuuliza kila mmoja alikuwa na nia gani. Watu wazima wengi, nikiwamo mimi mwenye seti ya vyombo vya harusi, bado tunachapa kwa bei ya kilichovunjika.

Juu ya vijana waliobalehe nitasema kidogo, kwa kuwa si eneo langu. Saa ya mwili wao husogea mbele, usingizi huwajia usiku zaidi, na asubuhi hawaamki. Huo wala si uvivu wote. Marafiki huwa na sauti kubwa kuliko wazazi. Wa kwangu alikaa miaka miwili akinijibu "sawa" na hakuna kilichokuwa sawa.

Si kila jambo ni umri, na mtu akiniambia kwamba atakua tu huwa namuuliza maswali zaidi. Mtoto wa mwaka mmoja asiyebwabwaja wala kuonyesha kitu kwa kidole, mtoto aliyekuwa na maneno akayapoteza, mtoto asiyegeuka kwa sauti ya mlango uliopigwa, hao wapelekwe kituo cha afya mwezi huu, si mwaka ujao. Na mtoto aliyebadilika ghafla, aliyeanza kukojoa kitandani baada ya kuacha, anayemkwepa mtu fulani, anayejua mambo ya watu wazima, huyo huenda hana tatizo la hatua yoyote ila ametendewa jambo. Kwake kuna afisa ustawi wa jamii wa kata, Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na simu ya mtoto namba 116 isiyo na malipo. Nimekaa kimya mara moja katika maisha yangu ya kazi nikisema ni umri, na haukuwa umri.

Juzi jirani yangu hapa Pasua amekuja na binti yake wa miaka 5. "Mwalimu," akaanza, ingawa nimeshastaafu, "huyu mtoto hasikii." Nikamwuliza ni saa ngapi hasa hasikii. Alitaka kunijibu kwamba muda wote, akanyamaza, akahesabu kwa vidole. Asubuhi anasikia. Jumamosi anasikia. Akiwa na bibi yake anasikia. "Ni kama saa 10 jioni," akasema mwishowe, "akishuka kwenye gari la shule, kabla hajala." Binti alikuwa amekaa kwenye kizingiti akivua soksi, moja imekataa kutoka. Mama yake alimtazama kidogo, kisha akaniuliza kama nina viazi vilivyobaki mchana.